Je, Wajua? Mfalme asiye na Kombe la Dunia

Je, wajua kwamba mwanasoka ambaye Wajapani humwita "Mfalme" hajacheza hata dakika moja ya Kombe la Dunia la soka? Ni Kazuyoshi Miura, maarufu kama Kazu, aliyezaliwa mwaka 1967. Aliifungia timu ya taifa mabao 55 katika mechi 89. Mwaka 1998 Japani iliposhiriki kwa mara ya kwanza, kocha Takeshi Okada alimwacha siku chache kabla ya mashindano.

Je, wajua nani alifunga bao la kwanza la Japani katika Kombe la Dunia? Masashi Nakayama, dhidi ya Jamaika, mwaka huohuo. Yeye na Kazu ni hirimu moja, na ndio waliofunga mabao mawili ya Japani katika sare na Iraki mjini Doha mwaka 1993, sare iliyowakosesha tiketi ya Kombe la Dunia lililofuata, la Marekani. Historia ni ya Nakayama. Jina la Mfalme limebaki kwa mwenzake.

Katika soka la Italia, Mjapani mwenzao Hidetoshi Nakata yuko mbali zaidi: alitwaa ubingwa wa Italia na Roma mwaka 2001. Kazu alicheza Genoa msimu mmoja, akafunga bao moja tu. Lakini lilikuwa kwenye dabi dhidi ya Sampdoria! Nakata alitundika daluga akiwa na miaka 29. Kazu alipofunga bao la ligi tarehe 12 Machi 2017, alikuwa na miaka 50 na siku 14.

Ukitaka kupima mapenzi ya watu, acha takwimu, tazama Osaka tarehe 29 Machi 2011. Tetemeko na tsunami vilikuwa vimeua maelfu siku chache tu nyuma, na timu ya taifa ikacheza na nyota wa ligi ya nyumbani ili kuchangia waathirika. Nyota Keisuke Honda alikuwepo. Yasuhito Endo na Shinji Okazaki wakafunga. Kisha Kazu, kikongwe wa miaka 44 aliyeingia kipindi cha pili upande wa nyota wa ligi, akatia mpira wavuni na kucheza densi yake ya kushangilia. Taifa lilishinda 2-1, ila bao lililozungumzwa ni la aliyeshindwa. Hapo sioni cha kubishania.



Kazu alifika Kombe la Dunia hatimaye, mwaka 2012 akiwa na miaka 45. La futsal, soka la ukumbini.

Na je, wajua kwamba Yokohama FC, kwa heshima ya jezi yake namba 11, ilikuwa ikitangaza mkataba wake mpya tarehe 11 Januari, saa 11:11 kwa saa ya Kijapani? Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 11 na dakika 11 alfajiri. Utamu wote unabaki.