Tatu, Basi

Mtoto wa pwani hufundishwa kutawadha kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu wa chuoni hamsomei hotuba juu ya tohara, humwonyesha tu: viganja mara tatu, kusukutua mara tatu, maji puani, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, masikio, kisha miguu. Hiki kwanza, kile baadaye, na kila kimoja kina hesabu yake. Utaratibu huo nimeufuata maisha yangu yote bila ya kufikiri kuwa ndani yake mna ufundi mkubwa wa kufundishia, mpaka nilipokwenda Kakamega na kuingia nyumba moja iliyo kando ya njia iendayo Mumias. Humo mama mmoja alikuwa akimfundisha kuoga mwanawe wa miaka 11 mwenye usonji.

Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni kwake, usonji si wazimu wala si jini. Ni ubongo wa mtoto unaokua kwa namna yake tangu udogoni, hata maneno ya watu, mazoea yao, na yote ayasikiayo na kuyagusa humfikia kwa njia isiyo yetu. Makala iliyoufanya ujulikane duniani iliandikwa mwaka 1943 na daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, naye alieleza habari za watoto 11. Wala mtu asidhani ni mambo ya Wazungu, kwani katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizitembelea nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, akawakuta watoto hao. Na kwetu pwani, utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu asili ya hali hii. Pepo, uchawi na laana vilitajwa, pamoja na maradhi, shida za uzazi na kurithi. Nayataja haya kwa sababu mtoto akishadhaniwa ana pepo hupelekwa kwa mganga wa kutoa pepo, na hapana akumbukaye kumfundisha kupiga mswaki.

Mama huyu ni Mwislamu, na mkwewe ni mtu wa Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako dini ilifika zamani na misafara ya biashara kutoka huku kwetu. Nilimuuliza kwa nini ameshughulika hivyo na jambo la kuoga, na hali mtoto hata maneno ni machache.

"Mzee," akanijibu, "huyu kijana kesho kutwa atabaleghe. Mimi nitamwosha mpaka lini? Na nikifa, ni nani atakayemvua nguo?"

Aliyasema hayo kama mtu aulizaye nauli ya basi. Nami naongeza la kwangu: mtoto aliyezoea kuoshwa na kila mkono hajui ni mkono upi usio na haki ya kumgusa.

Hakuanza kwa kufundisha. Alianza kwa kutafuta kinachomfanya mtoto apige mayowe kila alipoiona ndoo. Majirani walisema ni ukaidi. Sasa sikiliza. Kakamega iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji ya chemchemi asubuhi hukata mifupa, hasa sisi tuliozoea joto la Mombasa. Bafu lao ni la mabati. Maji yakirushwa hugonga bati, na alasiri, mvua ya huko ikija na mawe yake, bati hulia kama ngoma mia. Sauti ambayo wewe na mimi twaisikia na kuipuuza, yeye yamchoma masikio. Basi mama akatundika blanketi kuukuu ukutani ili liinyamazishe ile sauti. Akahamisha kuoga hadi jioni mvua ikishakatika, kwa maji ya vuguvugu. Sabuni ya manukato akaiacha. Na kubwa kuliko yote, kata akampa mwenyewe aishike, kwa sababu maji yanayomshukia mtu kichwani bila ya kujua yanakuja lini ni kama kupigwa. (Kata yao si ya kifuu kama zetu, ni kikombe chekundu cha plastiki.)

Lililonishangaza zaidi ni kwamba somo lenyewe alilianzia mwisho. Yeye alifanya kazi yote, kuanzia kuvua nguo mpaka kujifuta, akamwachia mtoto jambo moja tu la mwisho, kulitundika taulo kwenye msumari. Akilitundika, hapo hapo alipewa kipande cha muwa, na shughuli imekwisha. Alipolimudu hilo, aliachiwa kujifuta na kutundika. Kisha kujimwagia maji, kujifuta na kutundika. Hivyo kila siku mtoto huyamaliza mambo kwa kufaulu, badala ya kuanza vizuri na kushindwa katikati. Alifundishwa njia hii na mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, nayo ni njia ya wataalamu tangu zamani. Mwalimu huyo pia ndiye aliyemwambia apunguze maneno. Hatua zote zimechorwa kwa kalamu kwenye vipande vya katoni, vikafungwa kamba mlangoni, na mtoto hugeuza kimoja kila amalizapo. Huko Marekani, mpango ulioanzishwa na Eric Schopler mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha North Carolina umejengwa juu ya jambo hili hili, kwamba wengi wa watoto hawa hushika zaidi kwa jicho kuliko kwa sikio.

Ikatokea shida nyingine. Mtoto alipojua kujimwagia, hakujua kuacha. Akilimaliza pipa, na maji hayo yamepandishwa kichwani kutoka bondeni! Ukimwambia "yatosha", neno hilo kwake halina mpaka. Yatosha ni ngapi?

Aliyelifungua fundo hilo ni nyanya wa Mumias. "Mfundisheni kama josho," alisema. Tatu kichwani, tatu upande wa kulia, tatu upande wa kushoto, basi. Tuliosoma fiqhi kidogo twajua kwamba katika udhu kuzidisha juu ya tatu hakupendezi, na masheikh hutuonya na wasiwasi wa kuosha kisichokwisha. Mtoto huyu asiyeweza kueleza sharti hata moja aliipokea hesabu hiyo kana kwamba alikuwa akiingoja. Nilimsikia kwa masikio yangu nyuma ya blanketi: moja, mbili, tatu, basi. Kikombe kikawekwa chini.

Chooni kulikuwa na habari zake. Shimo lilimtisha, likapunguzwa upana kwa ubao. Kwa juma zima mama aliandika kwenye kalenda saa anazojisaidia, kisha akawa anampeleka dakika chache kabla. Kopo la kuchambia limepigwa mstari wa rangi aone maji yafike wapi. Mswaki ulianza kwa kitambaa laini kidoleni, maana nywele za mswaki zilimuumiza ufizi.

Najua wako watakaosema bakora ingemaliza kazi kwa siku mbili. Nimekulia chuoni, bakora naijua vizuri. Mtoto huyu ukimpiga bafuni, atajifunza kuliogopa bafu, basi. Wala sisemi njia hii huwafikisha wote mahali pamoja. Wako watakaohitaji msaada maisha yao yote, na si aibu yao wala ya mama zao. Mzazi asiyejua pa kuanzia na aulize kituo cha kupimia watoto wenye mahitaji maalumu. Serikali ya Kenya ilivianzisha vituo hivyo mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark.

Ajuavyo mtoto hapa, hajui pengine. Walipomchukua Mumias kwa nyanya, alikataa maji kwa siku tatu, mpaka kikombe chekundu kilipoletwa kwa matatu. Sasa husafiri nacho mfukoni mwa begi, na mama ameanza kumzoesha kingine cha rangi ya buluu, siku moja kwa juma.

Kucha bado hazijapatiwa njia. Hukatwa akiwa usingizini, mbili leo, mbili kesho, nyanya akiwa ndiye mshika taa anapokuja kuwatembelea.