Bei ya Kufunga Mtandao, Tukiihesabu Kutokea Kahe

Shilingi 2,100,000. Hicho ndicho kiasi ambacho Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania awe nacho ili aandike kihalali mwaka wa kwanza: 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, na 1,000,000 nyingine ya ada ya mwaka. Kwa kampuni ya Dar es Salaam yenye matangazo, hiyo ni gharama ya kazi kama kodi ya pango. Mimi nataka tuihesabu kutokea Kahe.

Kahe iko tambarare, kusini mashariki mwa mji wa Moshi, huko chini ambako maji ya Kilimanjaro hufika baada ya kupita mifereji ya wakulima wa juu. Watu wanalima mpunga, mahindi, nyanya na vitunguu. Mwaka 2018 amri ya mishahara iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya 2013, na kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kilikuwa Sh 100,000 kwa mwezi. Chukua kijana wa Kahe anayetaka kuandika habari za zamu za maji, bei ya mpunga na fedha za kijiji. Leseni yake ni mshahara wa miezi 21, asile wala asinunue hata sabuni. Akiandika bila leseni, adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Milioni 5 ni miezi 50 ya jembe.

Ada ilipunguzwa baadaye. Mwaka 2022 ile ya leseni ilishuka kutoka milioni 1 hadi 500,000. Wakati kima cha chini cha kilimo kilipopanda na kufika 140,000, leseni peke yake bado ilikuwa zaidi ya mshahara wa miezi mitatu na nusu. Ada ya namna hii haihitaji kumfuta mtu neno hata moja. Inatosha kwamba hataanza.

Na aliyeanza akalipa hajanunua usalama. Septemba 2019 Ayo TV na Watetezi TV zilipigwa faini ya milioni 5 kila moja, na Kwanza TV ikafungiwa miezi sita. Julai 2020 Kwanza ikafungiwa tena, safari hii miezi 11. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa siku 30. Tarehe 6 Septemba 2025 ikawa zamu ya JamiiForums: siku 90. Hesabu mwenyewe kwenye kalenda. Siku 90 kuanzia hapo zinaishia Desemba, na uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 29. Jukwaa ambalo Watanzania wamekuwa wakihojiana tangu 2006 lilikuwa kimya rasmi siku ambayo nchi ilikuwa na maswali mengi kuliko siku zote.

Hadi hapa tunazungumzia wanaoandika. Kufungia mtandao kunawagusa hata wasioandika, na sababu yake ni ya kiufundi. Inafaa ieleweke, maana wengi hudhani serikali ikitaka inaweza kuchomoa ujumbe mmoja mbaya kama mtu anavyochomoa gugu kwenye jaruba la mpunga. Haiwezi. Leo karibu kurasa zote husafiri zikiwa zimefungwa kwa fumbo. Kampuni ya simu inaona kwamba laini yako imekwenda kwenye mtandao fulani, lakini haioni umefungua ukurasa gani wala umesoma nini. Kwa hiyo anayeagizwa kuzuia chapisho moja ana njia moja tu ya uhakika, nayo ni kuufunga mtandao mzima. Watu wa Kahe wanalijua jambo hili. Stesheni yao ni njia panda, mahali reli ya Tanga inapokutana na tawi la Voi kupitia Taveta. Ukitaka kuzuia behewa moja kwa kufunga njia panda, umezuia Moshi, Tanga na Taveta kwa mkupuo.

Ndivyo ilivyokuwa Mei 20, 2025, mtandao wa X ulipozimwa nchini. Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza kuwa sababu ni maudhui ya ngono. Tuichukue sababu hiyo kama ilivyotolewa. Pamoja na ngono zimefungwa pia taarifa za hali ya hewa, bei za mazao, kurasa za wizara zenyewe, na mazungumzo ya madaktari, walimu na wanasheria. Mwenye mtoto anataka picha chafu zisimfikie mwanawe, nami nataka hivyo hivyo. Lakini kizuizi hicho kinamgusa mtu wa miaka 50 sawasawa na mtoto wa miaka 10, na kijana mjanja anakiruka kwa VPN, njia ya siri ya kupitia mtandaoni.

Hapo ndipo gharama inapozaa gharama nyingine. Oktoba 13, 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN wajisajili kabla ya Oktoba 30, pamoja na kutaja anwani ya mtandao wanayotumia. Adhabu ni ile ile: milioni 5, miezi 12, au vyote. VPN ndiyo kinga ya benki, ya hospitali inayotuma majibu ya mgonjwa, ya mhasibu anayefanya kazi akiwa nyumbani. Asiyeweza kulipia VPN nzuri hupakua ya bure, na nyingi za bure hujilipa kwa kuuza taarifa za mtumiaji. Sheria iliyosema inamlinda mwananchi imemsukuma kwa wezi.

Kisha kuna kuzima kabisa. Oktoba 27, 2020, siku moja kabla ya kura, mitandao ya kijamii ilibanwa. Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima, ikarudi taratibu Novemba 3. Siku tano hivi.

Tufanye hesabu ya chini kabisa, nami naweka wazi kwamba ni makadirio yangu. Mwishoni mwa 2024 takwimu za TCRA zilionyesha laini za intaneti zipatazo milioni 48. Laini si mtu. Wengi wana mbili. Basi tukate nusu, zibaki milioni 24. Tuseme kila moja ilimpotezea mwenyewe Sh 500 tu kwa siku: oda iliyopotea, safari ya kufuata jibu ambalo ujumbe ungelileta, nyanya zilizolainika zikimsubiri mnunuzi. Ni bilioni 12 kwa siku, bilioni 60 kwa siku tano. Ishushe hadi kijijini: laini 1,000, Sh 500, siku tano, inakuwa Sh 2,500,000. Kijiji chenye laini 1,000 kingekuwa kimelipa zaidi ya ile leseni ya 2018, bila hata mmoja wao kuandika blogu.

Atakayesema 500 ni nyingi aende Kahe wakati wa mavuno. Mkulima akikatiwa kundi la WhatsApp linalompa bei ya Mbuyuni pale Moshi, au ya Himo, anabaki na bei moja tu, ya dalali aliyesimama mbele yake na lori. Kwenye gunia moja tofauti ya bei hizo mbili huizidi 500 kwa mbali. Miamala ya simu kwa kubofya namba za nyota haihitaji intaneti, ni kweli. Lakini programu za benki, mashine za risiti za TRA na mfumo wa forodha pale Holili vinategemea data.

Majirani walishalipia somo hili. Mwaka 2018 Rais Museveni alilalamikia umbea wa mitandaoni, na Uganda ikaanza kutoza shilingi 200 za huko kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka wa kwanza wa fedha serikali ilitarajia bilioni 284, ikakusanya bilioni 49.5, yaani asilimia 17. Laini za intaneti zilipungua kwa zaidi ya milioni 2 ndani ya miezi michache. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa ya asilimia 12 kwenye bando. Kongo ilizima intaneti kuanzia Desemba 31, 2018 kwa takribani siku 20 kura zikihesabiwa, na ubishi juu ya matokeo haukuzimika nayo.

Wanaotetea udhibiti huuliza: matapeli na wachochezi tuwaache? Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Tapeli anayekutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumia meseji ya kawaida, na kufungia X hakumgusi. Mwenye kosa ana jina, ana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na mahakama zipo. Kumfuata mtu mmoja kwa hati ya hakimu kunamgharimu yeye. Kufungia mtandao kunawagharimu wasio na kosa.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Haikuweka ada. Kwa wabunge walioapishwa Dodoma Novemba 2025, ombi langu ni hili: futeni sharti la kusajili VPN, futeni leseni kwa mwananchi anayeandika, na pigeni marufuku kuzima intaneti kwa amri ya ofisini.