Vocha Si Fedha: Hesabu ya Ruzuku ya Mbolea

Enyi wakulima wa Kilimanjaro, fikirini hesabu hii. Tangu msimu wa 2008/09 hata 2013/14, Serikali ya Tanzania iliwagawia wakulima wadogo vocha za pembejeo, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata. Kwa ekari 1 ya mahindi zilitolewa vocha 3: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ililipa nusu ya bei. Nusu ya pili ilimpasa mkulima mwenyewe.

Hapo ndipo baadhi walipokwama. Aliyekosa nusu yake alimwachia mwenye duka vocha iliyokwisha kutiwa sahihi, akapokea fedha kidogo, akarudi bila mbolea. Katika daftari alihesabiwa kuwa amesaidiwa. Shambani mahindi yalidhoofika.

Basi, msaada wa namna hii ukija, shikeni mambo 3:

1. Mkiuza kahawa au ndizi, wekeni akiba ya sehemu yenu kabla ya masika.
2. Msitie sahihi kabla hamjapokea mfuko.
3. Kamati ya vocha, wanaume 3 na wanawake 3, ilichaguliwa na mkutano wa kijiji. Msikose mkutano, mpate kuchagua waaminifu.