Herufi za Nukta na Daftari la Miraba

Aliyepita chuoni akashika ubao na kalamu ya mwanzi anaujua uzito wa nukta. Be, te na the ni chombo kimoja: nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Ikosee nukta umebadili neno, na mwalimu hakuachi. Mabwana wa hati walikwenda mbali zaidi. Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, husifiwa kwa kuifanya nukta kuwa kipimo: kalamu huandamizwa karatasini, ikatoa kimraba, na kwa vimraba hivyo hupimwa urefu wa alifu, na kwa alifu hupimwa herufi nyingine.

Nayaleta haya, msomaji, kwa kuwa zile herufi za ngazi-ngazi ambazo vijana wanazipenda tena siku hizi kwa ukale wake, nazo pia zimejengwa kwa vimraba. Lakini hizo zilizaliwa kwa dhiki. Vioo vya mashine za zamani vilikuwa na nukta chache, na kila nukta ama imewaka ama imezima, nusu hakuna. Katika mashine za michezo za miaka ya 1970 na 1980, herufi aghlabu ilipewa uwanja wa nukta 8 kwa 8. Jumla 64, na humo humo ubakishe nafasi, isije ikagusana na jirani yake.

Katika ufundi huu ninayemtanguliza ni Bi. Susan Kare wa Marekani. Alisomea historia ya sanaa hadi udaktari, na alikuwa akichonga sanamu pale rafiki yake wa skuli, Andy Hertzfeld, alipomwita kwenye kampuni ya Apple. Kompyuta hakuzizoea. Alichukua daftari la miraba akawa anajaza kwa kalamu: mraba uliojazwa ni nukta nyeusi, mtupu ni nyeupe. Amepata kueleza kwamba kazi ile haikumwia ngeni, kwani yafanana na kutarizi na kupanga vigae. Mshonaji kofia wa Lamu, ahesabuye vitundu vyake kimoja kimoja, angemwelewa bila ya mkalimani.

Kompyuta yenyewe, Macintosh, ilitoka tarehe 24 Januari 1984. Kioo chake kilikuwa na nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Kwa orodha za amri zilizokuwa juu ya kioo, Bi. Kare alichora hati iitwayo Chicago. (Hati zake za mwanzo alizipa majina ya vituo vya treni karibu na Philadelphia, mkuu wake, Steve Jobs, akataka majina ya miji mikubwa ya dunia.)

Tazama alivyoifanya. Mistari iliyosimama ameipa unene wa nukta mbili. Si kwa urembo. Amri isiyoweza kutumika kwa wakati ule ilipaswa kufifia, na katika kioo kisicho na kijivu, kufifisha ni kufuta nukta moja na kuacha moja. Mstari wa nukta moja ungemeguka vipande. Wa nukta mbili hubaki ukisomeka. Mistari ameitumia ya namna tatu: uliosimama, uliolala, na wa mshazari kamili, ule upandao nukta moja kwa kila nukta moja. Mshazari mwingine wowote ungefanya meno ya msumeno. Tena kila herufi ameipa upana wake. Katika taipu ya kawaida i nyembamba na m nene hulipishwa nauli moja, kwa Bi. Kare, i hukaa pahala padogo na m ikajinyoosha.

Hati hiyo ilishika kazi katika Macintosh hadi 1997, ikaondolewa. Mwaka 2001 Apple walipotoa chombo cha muziki kiitwacho iPod, chenye kijioo cha rangi mbili, waliirudia Chicago ile ile.

Leo vioo vina nukta zisizohesabika kwa jicho, na dhiki ile imekwisha. Herufi za nukta zimebaki pambo la matangazo na michezo, ila kwenye mbao za taa zitembezazo maneno nje ya maduka, ambako bado ni za lazima. Pambo halina ubaya, lakini lina adabu yake. Hati iliyochorwa kwa nukta 8 hukuzwa mara mbili au mara tatu kamili. Ukiikuza mara moja na nusu, kingo zinaingia ukungu. Na asiandike mtu ukurasa mzima kwa herufi hizo, atatuumiza macho.

Uwanja wa 8 kwa 8 pia haukupimwa kwa kila lugha. Hati ya Kiarabu, ambayo babu zetu waliandikia Kiswahili, ina mikia ya kushuka na nukta za juu na chini. Ukiibana humo, mkia wa jimu hauna pa kupita. Hata kwa herufi za Kizungu tuna letu. Penye upana mmoja kwa wote, kile kikoma cha ng' hupewa chumba kizima peke yake, na ng'ombe akatokea kiooni amekatwa sehemu mbili.