Swali Ndani ya Swali: Asili ya Majibu Yasiyo Sahihi katika Hifadhidata

Mwaka 1970 Mwingereza Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alipendekeza kwamba data ipangwe katika majedwali. Lugha ya SQL, iliyoasisiwa katika kampuni hiyo hiyo mwaka 1974, huruhusu swali moja kubebwa ndani ya jingine, mithili ya kishazi tegemezi ndani ya sentensi. Ujenzi huo una manufaa makubwa, lakini waweza kuzaa majibu potofu pasipo onyo lolote.

Na ichukuliwe kamusi ya Kiswahili cha Lubumbashi. Jedwali la kwanza lina vidahizo. La pili lina mifano iliyokusanywa kwa wasemaji, kila mfano ukiandikiwa kidahizo chake. Mtafiti ataka kujua vidahizo ambavyo havijapata mfano. Swali la ndani laorodhesha vidahizo vyenye mfano. La nje lachagua visivyomo katika orodha hiyo. Iwapo mfano mmoja tu umeingizwa bila kidahizo, kompyuta haitatoa hata neno moja. Mtafiti ataamini kuwa kazi imekamilika na kusitisha ukusanyaji, hali maneno mengi hayana ushahidi.

Mashine haikukosea. SQL ina hukumu tatu: kweli, si kweli na haijulikani. Kidahizo «bukari», kisicho na mfano, hulinganishwa na kila kilichomo katika orodha. Penye pengo, kompyuta haiwezi kusema kuwa pengo hilo si «bukari», kwani huenda likawa ndilo. Hukumu huwa «haijulikani», na kukanusha lisilojulikana hakuzai kweli. (Mwanaisimu hatashangaa: asemaye «sijui kama alikuja» hajasema kwamba hakuja.) Kwa kuwa mstari huchaguliwa pale tu hukumu iwapo kweli, «bukari» huachwa. Swali la kuyakinisha halidhuriki hivyo. Ndiyo maana kosa hili hukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Dawa ni kuondoa mapengo katika swali la ndani au, afadhali zaidi, kuuliza kwa kila kidahizo kama upo mfano ulio wake. Swali la kuwapo au kutokuwapo halina jibu la tatu.

Kosa jingine hutokana na majina. Ikiwa safu katika jedwali la mifano huitwa «neno», naye mtafiti akaandika «kidahizo» katika swali la ndani, kompyuta hulitafuta jina hilo nje, kama kiwakilishi kinachotafuta kirejelewa chake nje ya kishazi. Hapo kila kidahizo hulinganishwa na nafsi yake, na vyote huonekana vina mfano. Kutanguliza jina la jedwali mbele ya jina la safu huliondoa kosa hilo.

Kuna pia makosa ya watengenezaji. Mwaka 1982 Won Kim alieleza namna ya kugeuza swali la ndani kuwa muungano wa majedwali ili kuharakisha kazi. Swali la ndani lilipokuwa la kuhesabu, mistari ambayo hesabu yake ni sifuri ilipotea. Mwaka 1987 Ganski na Wong walirekebisha njia hiyo kwa muungano unaobakiza hata mistari isiyo na mwenzi.