Mawe ya rangi adimu: kwa nini sonara wa mkono huyatafuta, na karatasi gani zivuke nayo mpakani

Ukisimama nusu saa pale Holili au Taveta utaona vitunguu, mahindi, maharage, saruji na mitumba vikivuka. Kuna mzigo mwingine ambao huuoni, kwa sababu unakaa kwenye mfuko wa shati. Jiwe moja safi la kijani lenye uzito wa gramu moja, yaani karati tano, likishakatwa na kung'arishwa linaweza kuzidi thamani ya kila kitu kilichopakiwa kwenye pikapu iliyo mbele yako. Ndiyo maana biashara ya vito vya rangi inawavutia watu wengi, na ndiyo maana wengi huumia kwa kuiendesha kama biashara ya vitunguu.

Makala haya yanahusu upande ambao wafanyabiashara wetu huuzungumzia mara chache. Nani hasa ananunua mawe haya adimu? Analipia nini? Na anataka yamfikie yakiwa katika hali gani?

Mwamba mmoja, nchi mbili

Kenya na Tanzania ziko juu ya mwamba wa zamani sana ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Unaanzia Msumbiji, unapita Tanzania na Kenya na kuendelea kuelekea Ethiopia. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mwamba huo ulibanwa na kupata joto kali chini ya ardhi, na humo ndimo vilipoumbika vito vingi tunavyovijua leo. Mpaka ulichorwa juu yake juzi tu. Bonde la Umba, lenye yakuti za zambarau, njano, machungwa na kahawia, liko Tanzania, lakini mto wenyewe unatoka Usambara na kumwaga maji baharini karibu na Vanga, Kenya. Rubi huchimbwa Mundarara wilayani Longido, upande wa Tanzania wa mpaka wa Namanga, na huchimbwa pia Mangare katika Taita Taveta.

Hakuna mfano mzuri kuliko tsavoraiti, ile garneti ya kijani. Mwaka 1967 mtaalamu wa miamba Campbell Bridges aliipata Lemshuko, kaskazini mwa Tanzania. Ilipokuwa vigumu kuendelea huko, alifuata mwelekeo wa mwamba ule ule hadi upande wa pili na kuikuta tena Taita Taveta mwaka 1970. Inasimuliwa kwamba alilala kwenye nyumba juu ya mti kwa kuogopa wanyama, na alimweka chatu alinde mawe yake. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani iliitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mwezi Agosti 2009 katika mgogoro wa machimbo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba biashara hii ni ya mchezo.

Tanzanaiti nayo iligunduliwa Mirerani mwaka huo huo wa 1967, na hadi leo haijapatikana kwa biashara mahali pengine popote duniani. Hiyo inajulikana sana, sitaieleza zaidi ya inavyohitajika.

Iko pia garneti nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataifurahia. Madalali wa Umba walikuwa wakitafuta rodolaiti, garneti ya rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Wakawa wanakutana na mawe ya rangi ya pichi, machungwa na tofali ambayo hayakufanana na ukoo wowote waliokuwa wakiujua. Wanunuzi wakayakataa, na madalali wakayapa jina: malaya. Baadaye vipimo vya maabara vilionyesha kwamba ni garneti ya mchanganyiko wake yenyewe, na bei ikapanda. Leo jina hilo hilo limeandikwa kwenye makabati ya vioo Ulaya na Marekani, na muuzaji humweleza bibi harusi kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya aliyetengwa na ukoo wake. Sisi tunaojua tunanyamaza.

Kiwanda hakilitaki, sonara analitaka

Hapa ndipo penye siri ya soko. Kiwanda kinachotoa pete elfu kumi za aina moja kinahitaji mawe elfu kumi ya kipimo kimoja, kwa mfano milimita 6 kwa 4, yenye rangi moja. Mashine ya kumimina dhahabu imeshatengeneza matundu, na jiwe lisiloingia kwenye tundu halina kazi. Mawe adimu hayawezi kutimiza sharti hilo. Tsavoraiti hupatikana ndani ya madonge kama viazi, mengi yakiwa yamepasukapasuka, na ukipata vipande safi vinatofautiana maumbo. Baada ya kukatwa, kipande safi kinachozidi karati mbili si cha kawaida, na cha zaidi ya karati tano ni cha kusimuliwa.

Sonara wa mkono hufanya kazi kinyume cha kiwanda. Huanza na jiwe. Huligeuza kwenye mwanga, hulipima, kisha hukata utepe wa fedha au dhahabu na kuukunja kulifuata jiwe lilivyo. Huuchomelea utepe ule kabla jiwe halijaingia, ndipo huliweka na kuusukuma ukingo taratibu hadi ulishike. Jiwe lenye pembe tatu, refu kupita kiasi au lenye upande mmoja mnene kwake si kasoro, kwani ndilo linalofanya pete ile isifanane na nyingine. Mteja wake analipia hilo: kitu ambacho jirani yake hawezi kukinunua dukani kesho.

Kwa hiyo dalali anayeagiza mawe yakatwe kwa vipimo vya kiwanda ili "yauzike" mara nyingi anatupa pesa. Katika kukata, theluthi mbili au zaidi ya uzito wa jiwe ghafi hupotea hata kwa fundi mzuri. Ukilazimisha mviringo kwenye jiwe ambalo halikuumbwa hivyo, unapoteza zaidi. Mwache mkataji alifuate jiwe.

Rangi ndiyo kwanza. Tsavoraiti hurudisha mwanga kwa nguvu kuliko zumaridi, kwa hiyo hata kipande cha robo karati hung'aa kikiwa kwenye hereni. Tena kwa kawaida haipashwi moto wala kulowekwa mafuta, wakati zumaridi nyingi sokoni zimejazwa mafuta kuficha nyufa. Sonara anayeuza vitu vya asili hulipenda neno hilo, "haijaguswa", na atalilipia ikiwa anakuamini. Usilitumie kwa tanzanaiti: nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na hupata ubluu wake baada ya kupashwa moto. Hakuna ubaya, jambo hilo linajulikana na soko limelikubali, lakini lisemwe.

Jambo jingine linalosahauliwa ni jozi. Hereni ni mbili. Mawe mawili yanayolingana rangi na umbo huuzwa kwa bei ya juu kwa kila karati kuliko jiwe moja moja, kwa sababu kuyapata ni kazi. Nimeona mtu akivunja jozi ya garneti ili auze moja haraka apate nauli. Ile iliyobaki alikaa nayo muda mrefu.

Usiyachanganye mfukoni

Hili ni la wasafirishaji na wabebaji. Mawe yanaposugana, gumu hukwaruza laini. Katika kipimo cha ugumu kinachoishia 10 kwa almasi, rubi na yakuti ni 9, spineli ni 8, tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, na tanzanaiti ni 6 hadi 6.5 tu. Ukitia rubi na tanzanaiti zilizokatwa kwenye mfuko mmoja wa plastiki na kupanda basi kutoka Arusha hadi Nairobi, utafika na tanzanaiti yenye mikwaruzo pembeni, na mnunuzi ataiona kwa lenzi ya mkono kabla hujakaa kitini. Kila jiwe lililokatwa liwe kwenye karatasi yake iliyokunjwa, na juu yake uandike uzito kwa karati na kwa gramu.

Tanzanaiti pia hupasuka kirahisi ikigongwa au ikipata joto la ghafla, na hata garneti haipendi moto wa ghafla. Sonara mzoefu hailetei tanzanaiti moto wa kuchomelea. Mweleze mteja mgeni mapema kwamba ni jiwe la hereni na kidani kuliko la pete ya kuvaa kila siku ukiosha vyombo.

Bandia zipo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua mawe saba ya kijani kando ya barabara kwa bei ya "rafiki", na matatu yalikuwa chupa. Kioo ukikitazama kwa lenzi inayokuza mara 10 huonyesha viputo vya hewa vya duara. Sikuwa na lenzi siku ile. Tanzanaiti ya kweli ukiigeuza hubadilika kati ya bluu na zambarau, na kioo hubaki vile vile. Jiwe la thamani kubwa lipelekwe maabara. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia cha Tanzania, ambacho pia hufundisha vijana kukata na kung'arisha.

Karatasi ni sehemu ya jiwe

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaujua utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo usiozidi dola 2,000 uliomo kwenye orodha hupewa cheti rahisi cha uasili na kuvuka bila ushuru wa forodha. Kutokana na hilo wengine hudhani kijifuko cha garneti cha dola 800 ni sawa na magunia ya maharage. Si sawa. Kusamehewa ushuru ni jambo moja na ruhusa ya kusafirisha madini ni jingine. Nchi zote mbili zinahesabu vito kuwa madini, na madini yana sheria zake.

Tanzania, baada ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, vito ghafi hutozwa mrabaha wa asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Vilivyokatwa na kung'arishwa hutozwa mrabaha mdogo zaidi. Anayenunua na kuuza lazima awe na leseni ya dila au ya broka, na tangu mwaka 2019 yapo masoko ya madini ambako mawe hupimwa na kuthaminiwa mbele ya maofisa. Kwa tanzanaiti masharti ni makali zaidi: mwaka 2010 ilipigwa marufuku kuitoa nje ikiwa ghafi na yenye uzito unaozidi gramu moja, na mwaka 2018 ukuta wa takriban kilometa 24 ulikamilika kuzunguka machimbo ya Mirerani. Kenya hufuata Sheria ya Madini ya mwaka 2016, na huko pia unahitaji leseni ya kufanya biashara ya madini na kibali cha kuyatoa nje. Viwango vya tozo hubadilika na bajeti, kwa hiyo uliza ofisi ya madini kabla ya kufunga safari, si ukiwa dirishani.

Kwa forodha, jiwe lisilofungwa kwenye pambo, ghafi au lililokatwa, huandikwa chini ya kifungu 71.03. Pambo la dhahabu au fedha ni 71.13. Penye makosa mengi ni pete ya shaba yenye jiwe la kweli. Mawakala huiandika 71.17, yaani mapambo ya kuigiza, kwa sababu shaba ni rahisi. Kifungu hicho hakipokei pambo lenye kito cha asili. Mahali pake ni 71.16. Ukiandika kimakosa, mkaguzi akiliona jiwe atauliza umeficha nini kingine. Na asikutishe mtu kwa cheti cha Kimberley, kile ni cha almasi ghafi peke yake.

Sasa rudi kwa yule sonara. Wateja wake siku hizi huuliza jiwe limetoka wapi na nani alilichimba. Hawezi kujibu kwa maneno matupu. Risiti ya sokoni, kibali na tamko la forodha lenye uzito ule ule ulioandikwa kwenye karatasi ya jiwe ndiyo jibu lake, na anaweza kulionyesha dukani kwake. Jiwe zuri lisilo na hati huishia kwa mnunuzi wa kimyakimya, naye anajua huna pa kwenda na hukupa bei ya kimyakimya.

Mwisho niseme na wenye mabasi na malori. Ile bahasha ndogo ambayo abiria asiyesafiri anakupa umfikishie "ndugu yake" Nairobi, mnaijua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu chombo kilichobeba mali ya magendo kitaifishwe pamoja na mali hiyo, na bima nyingi za mizigo huviondoa vito na fedha taslimu kwenye mambo zinayolipia. Kama bahasha ni halali, mwenyewe hataona taabu kuifungua mbele yako, kukuonyesha kibali na kukuachia nakala. Akisita, mrudishie.