Kikundi cha Wanaoacha Pombe: Mkazi Aanzie Wapi?

Katika Ugogo, pombe ya mtama haikuwa kinywaji cha kilabuni pekee. Ilikuwa pia malipo ya jirani aliyekuja na jembe lake kulima au kupalilia shamba la mwenziwe, na desturi hiyo haijatoweka vijijini. Kwa sababu hiyo, mkazi anayeamua kuacha pombe haachi kinywaji tu. Huonekana kana kwamba amewakataa wenzake. Ahadi anayojipa peke yake, asubuhi, kichwa kikimuuma, mara nyingi haifiki jioni. Anahitaji wenzake wengine, na kazi ya kikundi cha kusaidiana ni kumpatia hao.

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Mkutano wake huchukua kwa kawaida kama saa moja. Hakuna ada ya uanachama, na watu hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Anayehudhuria anaweza kunyamaza tangu mwanzo hadi mwisho bila kulazimishwa kusema lolote. Mikutano mingine ni ya wazi, nayo hupokea ndugu na yeyote anayetaka kufahamu. Mingine ni ya wanaoacha pombe peke yao, hivyo ni vyema msindikizaji aulize kabla ya kuingia. Hatua 12 zinazofuatwa humtaja Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomfahamu, na Mkristo na Mwislamu huketi chumba kimoja.

Hata hivyo, mkutano hauchukui nafasi ya tiba, na jambo hili lina hatari ya kufa na kupona. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, huanza kutetemeka na kutokwa jasho saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege. Baadaye anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huweza kuua. Kumfungia mgonjwa chumbani ili “ashinde tamaa”, hata kama kunafanywa kwa upendo, ni kumhatarisha. Apelekwe kwanza zahanati au kituo cha afya, na mhudumu aelezwe ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, na alikunywa lini mara ya mwisho. Kama ni gongo, isemwe kuwa ni gongo.

Kutoka hapo, anayehitaji tiba ya juu hupewa rufaa. Kwa wakazi wa wilaya za Mkoa wa Dodoma, hospitali kubwa ya magonjwa haya ni Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo chini yake kipo kituo cha Itega kinachoshughulikia waraibu. Jina la Mirembe huwatisha wengi, kwa kuwa mitaani limegeuzwa tusi. Lakini anayeogopa kuonwa langoni na majirani akumbuke kwamba majirani hao wamekwisha kumwona akirudi kutoka kilabuni. Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mgonjwa au ndugu yake aulize jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: ni kikundi gani cha wanaoacha pombe kinachokutana karibu, siku gani na saa ngapi? Swali hilohilo laweza kupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwa viongozi wa dini, kwa kuwa vikundi vingi duniani hukutana katika kumbi za nyumba za ibada. Wizara ya Afya nayo hupokea simu bila malipo kwa namba 199.

Na ikiwa kata haina kikundi? AA yenyewe ilianza kwa utafutaji wa namna hiyo. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alijikuta katika hoteli mjini Akron, Marekani, biashara yake ikiwa imeharibika na baa ikiwa karibu naye. Badala ya kuingia baa, alipiga simu kwa viongozi wa makanisa akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alipatikana daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wawili hao ndio waliokuwa mwanzo wa AA, na hadi leo AA hukubali kwamba wawili au watatu wanatosha. Watakaoanza huku wachague mahali palipo mbali na kilabu, na siku isiyobadilika. Alasiri ya siku ya mnada yafaa kuliko nyingine, kwa maana ndiyo saa ambayo fedha imo mfukoni na marafiki wanaita.

Familia nayo ina haki ya msaada wake. Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi, vilianzishwa mwaka 1951 kwa sababu wake wa wanachama wa AA waliona kwamba nao wameumia. Mke, mume au mtoto aliye mkubwa anaweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii kueleza hali ya nyumbani hata kama mnywaji mwenyewe bado anakataa kuondoka kilabuni.